Mbele ya kupeleka watoto mu pori: namna wakubwa wa kujitolea wanajifunza kuongoza

Kila mwaka masomo ikifungwa, ku mwezi wa saba na wa nane, vikundi vya vijana vya Kolwezi vinaanza kutafuta bashi, sufuria kubwa na gari ya kukodi. Skauti, gide, Kiro, Xaveri, vijana wa Waadventista, vijana wa Croix-Rouge: kila kikundi kiko na fulari yake ao tishati yake, na kila kimoja kinatuma karatasi nyumbani ili muzazi atie sahihi. Ku Mutoshi, mama mwenye anapokea karatasi hiyo anauliza karibu kila mara maulizo tatu. Batoto batalala wapi? Batakula nini? Na nani atabaangalia?

Maulizo mbili za kwanza zinajibiwa mara moja: mu hema, na bukari na sombe. Ya tatu ndiyo yenye uzito, na jibu lake linaomba kazi ya miezi mingi, wakati mwingine ya miaka.

Yule "nani" ni mutu mwenye hana mushahara juu ya kazi hiyo. Ni mwalimu wa masomo ya musingi, mwanafunzi wa chuo kikuu, mama wa soko, fundi wa moto, kijana wa wewa, ao mutu wa kampuni mwenye anapata siku mbili za kupumuzika kisha siku nyingi za kazi. Mara nyingi alikuwa mutoto wa kikundi kilekile miaka kumi mbele. Ni hapo kosa kubwa linaanza: watu wanafikiri kama mutu alikuwa skauti muzuri, basi atakuwa kiongozi muzuri. Kufunga fundo, kuwasha moto wakati kuni ziko mbichi, kuimba kwa sauti, yote hayo mutoto wa miaka 12 anaweza kuyajua vizuri kabisa. Kuongoza watoto 30 ku kilometa 40 ya nyumba zao ni kazi ingine.

Kazi ya kuongoza pasipo kushika yote

Kitu cha kwanza chenye mukubwa anafundishwa kinashangaza wengi: asifanye kazi ya watoto. Mu mafundisho ya skauti, na mu vikundi vingi vyenye vilichukua namna yake, watoto wanagawanywa mu vikosi vidogo vya watu 6 mupaka 8, vile ambavyo kwa Kifaransa wanaita patrouille. Kila kikosi kiko na kiongozi wake, mutoto wa miaka 14 ao 15 hivi, na musaidizi wake. Ni huyo mutoto mwenye anagawa kazi: wewe maji, wewe kuni, wewe sahani. Mukubwa anasema na viongozi wa vikosi, si na kila mutoto mumoja-mumoja kama mwalimu mbele ya ubao.

Kwa masikio ni kitu chepesi, lakini mukubwa mwenye hakufundishwa hawezi kukaa kimya wakati bukari inaungua. Anaruka, anachukua mwiko, anapika mwenyewe, kisha jioni analalamika kama batoto ya siku hizi habajue kazi. Mwenye alifundishwa anaacha bukari iungue mara moja, anahakikisha tu kama hakuna mutoto anaungua pamoja nayo, na kisha chakula anakaa na kiongozi wa kikosi kando, pasipo wengine kusikia: "Ilipita namna gani? Kesho utafanya nini?" Kujua wakati wa kuacha na wakati wa kuingia ndiyo nusu ya mafundisho yote. Nusu ingine ni kujua mambo yenye hawezi kuacha hata dakika moja: maji, moto, shimo, usiku, na watu wenye hawajulikane.

Ili mukubwa aelewe hayo mu mwili wake, wanamurudisha utoto. Ku kambi ya mafundisho, wakubwa wenyewe wanagawanywa mu vikosi. Wanalala chini, wanachota maji, wanapika kwa zamu, wanapewa amri na mumoja kati yao mwenye alichaguliwa siku hiyo. Baba wa miaka 45, mwenye nyumbani anangojea maji ya kunawa mikono yaletwe, anajikuta anasugua sufuria chini ya amri ya binti wa miaka 22. Wengine wanakasirika siku ya kwanza. Ni vizuri wakasirike huko, kati ya wakubwa wenzao, kuliko mbele ya watoto wa watu. Siku ya pili zamu inabadilika na baba yule ndiye anaongoza. Hapo anaona namna ilivyo nguvu kuomba mutu afanye kitu wakati hauna mushahara wa kumupa wala fimbo ya kumutisha.

Gilwell, na mbele ya Gilwell

Namna hiyo ya kufundisha iko na tarehe. Robert Baden-Powell alifanya kambi yake ya kwanza ya vijana mu 1907 ku kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na kitabu chake kilitoka mu 1908. Vikundi vilizaliwa haraka sana, watoto walikuwa wengi kuliko wakubwa wenye kujua kazi, na matatizo yalionekana. Jibu lilikuja mu 1919: William de Bois MacLaren, mutu wa Scotland, alitoa feza za kununua shamba la Gilwell Park, karibu na London, na mwezi wa tisa wa mwaka ule kundi la kwanza la wakubwa likafundishwa pale, chini ya Francis Gidney, wakiishi mu hema na mu vikosi kama watoto. Ku mwisho wake walipewa vipande viwili vidogo vya muti vya kuvaa shingoni. Alama hiyo ingali, na kwa Kifaransa wanaiita Badge de bois. Mutu mwenye vipande viwili alimaliza mafundisho. Mwenye vitatu ao vine anafundisha wengine.

Baden-Powell alisema vipande vya kwanza vilitoka ku mukufu wa Dinuzulu, mufalme wa Wazulu, wenye alipata mu 1888 wakati wa vita. Wenye kuchunguza historia wangali wanabishana juu ya hadisi hiyo. Mu Afrika ni haki kijana aulize: kitu chenye kilitoka ku vita juu ya watu wetu kilifika namna gani kuwa alama ya urafiki? Mufundishaji muzuri hakimbii ulizo hilo. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake Kenya, alikufa ku Nyeri mwezi wa kwanza 1941, na kaburi lake liko pale. Skauti wa Afrika ya Mashariki wanalitembelea.

Kwa miaka mingi mafundisho ya Gilwell yalikuwa na sehemu tatu: kusoma na kujibu maulizo, kuishi mu kambi ya mafundisho, kisha kurudi ku kikundi na kuongoza kwa miezi mingi huku mutu mwenye uzoefu anakuja kutazama. Ni sehemu ya tatu yenye watu wanapenda kusahau, na ndiyo yenye inafanya kiongozi. Mu kambi ya mafundisho kila mutu ni mwema, sababu anatazamwa. Ku Mutoshi, siku ya posho saa tisa, watoto 25 mbele yake, wakubwa wenzake wawili hawakuja na firimbi imepotea: hapo ndiyo mutihani.

Lakini kusema kambi ya vijana ni kitu chenye kilifika na Wazungu, ni kusahau mukanda. Kwa Walunda, Wachokwe, Waluvale na Wandembu, watu wenye wanakaa upande huu wa Lualaba na ngambo ya mupaka mu Zambia na Angola, vijana wanaume walikuwa wanatoka mu muji wa wazazi na kukaa mu pori kwa majuma ao miezi, ili watahiriwe na kufundishwa. Mutoto hakuachwa huko peke yake. Alikuwa na mulinzi wake, mwenye wanamuita chilombola: mutu wa kumuletea chakula, kutunza kidonda chake, kukaa karibu naye. Na hakuna mutu angeweza kuwa mulinzi kama yeye mwenyewe hakupita mu mukanda. Ngoma za makishi, zenye kufunga mukanda upande wa Zambia, zilitambuliwa na UNESCO mu 2005.

Kuko mambo ya mukanda yenye hakuna kikundi cha leo kinaweza kurudisha: vitisho, fimbo, na ile siri yenye ilifanya mama asijue kama mutoto wake iko muzima. Wazo la mulinzi, lakini, linaeleweka ku Mutoshi mbio kuliko maneno ya Gilwell. Ukimuambia mama kama kila watoto 6 wako na mukubwa wao mwenye anajulikana jina, mwenye yeye pia alipita mu kambi ileile, hahitaji karatasi ingine kumuelezea.

Miaka kumi na nane pasipo shule ya viongozi

Vikundi vya skauti vilianza mu Congo wakati wa Wabelgiji, mu miaka ya 1920, na vilikuwa vimeshika mizizi ku parokia na ku masomo mingi ya Katanga wakati wa uhuru. Kisha ikaja 1972. Serikali ya Mobutu ilitaka kijana wa Zaïre awe na nyumba moja tu: JMPR, tawi la vijana la chama cha MPR. Vikundi vya vijana vya makanisa vilikatazwa. Fulari zikafichwa mu masanduku. Ku Kinshasa, padri Ignace Matondo, mwenye kisha alikuwa askofu, alitafuta njia ingine na kuanzisha Bilenge ya Mwinda, vijana wa mwanga, yenye ilichukua namna ya kufundisha kwa hatua kama mu desturi za zamani. Vikundi vingine vilingojea mupaka 24/4/1990, siku Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja.

Hesabu inafaa kufanywa. Mutu mwenye alikuwa na miaka 25 mu 1972, mwenye kujua kazi na tayari kufundisha wengine, alikuwa na 43 wakati mulango ulifunguliwa. Kati yake na watoto wapya hakukuwa mutu. Wale wenye walianzisha tena vikundi mu miaka ya 1990, mu wakati wa feza kuanguka na Gécamines kuanguka, wengi walifanya kazi kwa kukumbuka na kwa moyo. Waliokoa vikundi, hilo halibishanwe. Lakini kufundisha wakubwa kunapita ku mutu na mutu, kama kazi ya fundi wa muti. Ukikata munyororo kwa miaka 18, vitabu peke yake havitoshe kuunga. Namna moja yenye bado inaonekana ni kuongoza kwa kelele na adhabu, sababu JMPR ilifundisha kizazi kizima kupanga mustari na kupiga makofi. Mutu anaona watoto 100 wametembea muzuri siku ya 30/6 mbele ya wakubwa wa serikali, anasema kikundi kile kiko na viongozi wazuri. Pengine ndiyo, pengine hapana. Mustari hauonyeshe kitu hicho.

Udongo wa Mutoshi

Kitabu cha mafundisho chenye kiliandikwa Ulaya kinaongea juu ya theluji na ng'ombe dume. Mutoshi, ile yenye wazee wangali wanaiita Ruwe, iko na mambo yake, na mukubwa mwenye kufundishwa hapa anapaswa kuyajua mbele ya fundo lolote.

La kwanza ni shimo. Ku Kolwezi udongo uko wazi: mashimo makubwa ya kampuni, mashimo madogo ya wachimbaji, na mashimo ya zamani yenye nyasi imefunika. Kisha mvua ya kwanza, mahali penye mutu alipita ku mwezi wa nane pengine hapako tena. Juu ya hiyo, kanuni ya kwanza ya mafundisho ni kutembea njia yote mbele, kwa miguu, wakubwa wawili, juma moja mbele ya matembezi na si mwaka mumoja mbele. Kutembea huko si kwa kutazama uzuri wa mahali. Wanaandika mu kaye: hapa kuko shimo, hapa udongo unapasuka, hapa unite za telefone zinaisha kwa sababu hakuna rezo, hapa gari inaweza kufika kubeba mugonjwa. Mahali pa uchimbaji pa watu hapaingiwe, hata "kwa kuona tu". Tarehe 27/6/2019, zaidi ya wachimbaji 40 walikufa karibu na Kolwezi wakati udongo uliwaangukia mu eneo la kampuni ya Kamoto, na walikuwa watu wakubwa wenye kujua kazi yao.

Kati ya 2018 na mwanzo wa 2020, sehemu moja ya Mutoshi ilikuwa na uzio na mulango wenye kulindwa: ule mupango wa Chemaf, Trafigura, shirika Pact na koperative COMIAKOL, wenye ulisimama wakati wa COVID. Mutoto hakuruhusiwa kuingia. Nje ya uzio, mambo yalikuwa mengine. UNICEF ilikadiria mu 2014 kama watoto karibu 40,000 walikuwa wanafanya kazi ku machimbo ya kusini mwa Congo. Ni juu ya hiyo kikundi cha vijana hapa si mucheza tu wa siku ya posho. Mutoto mwenye anakuja ku matembezi, siku hiyo hako ku kuosha mawe. Na kama hakuletwa na mutu mwenye anajua kumushika, mwenye anajua jina lake na kuuliza juma lenye hakuja, atarudi ku mawe juma lenye kufuata, sababu mawe inalipa na fulari hailipe.

La pili ni vumbi na maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza mu 2018 kama watu wa mutaa wa Kasulo, zaidi watoto, walikuwa na kobalti nyingi mu mukojo kuliko watu wa mahali pa karibu penye hapakuchimbwa. Kwa mukubwa mwenye kuongoza, habari hiyo inakuwa vitendo vidogo: hakuna kula pasipo kunawa mikono, hakuna kutia jiwe la rangi mu mufuko wa mukate, hata kama ni malakite ya kupendeza. Na maji ya muto yenye kupita karibu na viwanda, kama Musonoi ao Luilu, hayafae kwa kupika hata yakichemshwa. Moto unaua mikrobe. Hauondoe shaba wala kobalti. Ni jambo lenye viongozi wengi wanajifunza ku mafundisho kwa mara ya kwanza. Maji yanabebwa mu bidoni tangu nyumbani ao yanatoka ku pompe yenye inajulikana.

Kuko watu wenye wanatoka mbali kidogo, mupaka ku ziwa Nzilo, lenye lilizaliwa na barazi ya Lualaba. Ni mahali pazuri kwa kambi. Lakini watoto wengi wa Mutoshi hawajui kuogelea, na wakubwa wao pia. Mwenye kufundisha anasema wazi: kama hakuna mukubwa mwenye anajua kuogelea na kuokoa, watoto hawaingie mu maji, na hakuna kubishana kila asubui. Mu Lualaba kuko pia mamba na viboko.

Kisha baridi. Kolwezi iko juu ya mita 1,400, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto linaweza kushuka chini ya digri 10. Mama anatuma bulangeti moja, mutoto anaitandika juu yake na analala ku udongo mutupu. Baridi inatoka chini. Mukubwa mwenye alilala namna hiyo yeye mwenyewe ku mafundisho hawezi kusahau: nyasi kavu na bashi chini kwanza, ndipo bulangeti. Akikuta mutoto anatetemeka na kusema maneno yenye hayaeleweke, hamupe adhabu juu ya kelele. Anamutoa nguo zenye zililoa, anamufunika, anamupa kitu cha moto chenye sukari.

Radi ni ya wakati ingine, mwezi wa kumi mupaka wa ine, wakati kuko matembezi ya siku moja. Hapa mafundisho yanagusa mambo ya nguvu, juu watu wengi wanaamini kama radi inatumwa. Mufundishaji hana lazima ya kushinda mabishano hayo. Anafundisha mwendo wenye unasaidia kwa kila imani: ukisikia ngurumo, toka ku kilima, toka ku maji, usikae chini ya muti wenye uko peke yake, ingiza watoto mu nyumba yenye kujengwa vizuri ao mu gari, na ngojea dakika 30 kisha ngurumo ya mwisho.

Nyoka vilevile. Moma, ule mufupi na munene, hakimbii wakati watoto wanakuja. Analala njiani na anangojea mutu amukanyage. Mutoto akiumwa, hakuna kukata na wembe, hakuna kunyonya damu, hakuna kufunga kamba ya kukaza, hakuna jiwe jeusi. Anatolewa pete na viatu, muguu unafungwa na kijiti ili usisogee, anabebwa ku hospitali. Kazi ngumu hapo haiko ku muguu. Iko ku watoto wengine 29 wenye wanalia. Mafundisho mazuri yanafanya zoezi hilo kweli: mukubwa mumoja anajifanya mugonjwa mu saa yenye hakuna mutu anangojea, usiku, na wengine wanapaswa kugawana kazi. Nani anabaki na kundi? Nani anapiga telefone, na namba iko wapi? Mara ya kwanza karibu kila mutu anakimbilia ku mugonjwa na hakuna mwenye anabaki na kundi.

Kuhara ndiko kunaharibu kambi nyingi kuliko nyoka. Kwa hiyo kila mukubwa anatoka na kipimo hiki mu kichwa: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vyenye kusawazishwa, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Choo kinachimbwa mbele ya hema ya kwanza kusimamishwa.

Macho mawili

Kuko sehemu ya mafundisho yenye zamani haikukuwa, ao ilisemwa kwa kunong'ona. Ni kulinda watoto juu ya wakubwa wenyewe. Muungano wa skauti wa dunia unaiita Safe from Harm, na mashirika yake mengi yanaomba kila mukubwa aipite mbele ya kufanya kazi na vijana. Kanuni zake zinaeleweka: mukubwa hakai peke yake na mutoto mumoja mahali pa kufichika, wakubwa hawalale mu hema moja na watoto, wasichana wakienda kambi, wanawake wakubwa wanaenda, picha za watoto wenye kuoga ao kulala hazipigwe na hazitumwe mu WhatsApp. Sheria ya Congo namba 09/001 ya 10/1/2009 inasema mutoto ni kila mutu mwenye hajafikisha miaka 18. Yule kiongozi wa kikosi wa miaka 15, mwenye anaamuru wengine, ni mutoto kwa sheria, na kijana wa miaka 20 mwenye anamupenda ni mukubwa.

Kanuni hiyo ya wakubwa wawili inalinda pia mwenye kujitolea. Mu muji wenye habari inatembea mbio kuliko wewa, neno moja la uongo linaweza kumaliza mutu. Wakati siku zote wako wawili, kuko mushahidi.

Adhabu ndiyo inaleta mabishano marefu ku kila mafundisho. Wengi walilelewa kwa fimbo, wengine wanaona hakuna ubaya. Kupiga magoti ku jua, kukimbia mupaka kuanguka, kunyimwa chakula: mufundishaji anapaswa kusema hapana pasipo kuzunguka, na kisha afanye kazi yenye iko nguvu zaidi, kuonyesha kitu cha kufanya mahali pa fimbo. Kusema hapana bila hiyo, mukubwa anarudi nyumbani na mikono mitupu, na siku ya kwanza ya fujo anarudia ile yenye anajua.

Gharama na cheti

Juma moja ya mafundisho ni juma moja pasipo kazi. Kwa mwalimu mu likizo inawezekana. Kwa kijana mwenye anakula kwa siku, ni kuomba familia yake ilale na njaa. Ndiyo sababu vikundi vyenye vinafaulu vinakata mafundisho mu vipande: siku za posho na za yenga kwa miezi mitatu, kisha usiku tatu ao ine mu hema, ku likizo. Wanawake wanaachwa nyuma mara mbili, sababu hakuna mwenye anabaki na watoto wao. Parokia moja ao mutaa mumoja ukitaka wanawake viongozi, utafute kwanza mutu wa kushika watoto wakati mama iko ku mafundisho.

Kuko pia mafundisho ya siku moja mu sali, na bango kubwa, soda, picha na cheti cha kila mutu. Hayo si mabaya kwa kujuana. Lakini cheti hicho hakionyeshe kama mutu anaweza kupeleka watoto Nzilo, na kikundi chenye kinakiweka mbele ya muzazi kama dhamana kinamudanganya, hata kama hakikutaka.

Muzazi wa Mutoshi mwenye anashika karatasi ya kutia sahihi anaweza kuuliza mambo machache, na kiongozi mwenye alifundishwa vizuri hatakasirika. Mulitembea njia lini? Wakubwa ni wangapi, na wanawake ni wangapi? Nani kati yenu anajua kutunza mugonjwa, na alijifunza wapi? Hospitali ya karibu ni gani, na gari ni ya nani? Mutoto wangu iko na pumu, dawa yake itakaa kwa nani? Saa ya kurudi ni gani, na mukikawia mutapiga telefone kwa nani?

Majibu ya maulizo hayo yanaandikwa mu kaye mbili. Moja inaenda na kundi, pamoja na majina, namba za wazazi na dawa za kila mutoto. Ingine inabaki Mutoshi, kwa mukubwa mwenye hakuenda kambi, mwenye telefone yake inabaki wazi usiku wote.